Tabaka la Pumzi

Ukungu ulikuwa umeikalia Kisyosyo tangu alfajiri, ule mzito unaofanya hata ng'ombe wagome kutoka zizini. Tusajigwe Mwalwisi, mwanamke anayetunza taa za bonde, alikuwa juu ya ngazi, anafuta kioo cha taa ya mnara, redio ilipokoroma chini yake.

"Kituo cha Mwanga! Tusa, uko hapo?" Ilikuwa sauti ya Ambakisye, mkuu wa waokoaji wa bonde. "Ardhi imepasuka mashamba ya chai ya juu. Gesi inashuka."

Tusa aliteremka mbiombio na kuiendea skrini kubwa ya ukutani. Humo bonde zima lilikuwa wazi, kana kwamba ukungu haupo. Migomba ilionekana, mapaa ya mabati yalionekana, mistari ya chai ilionekana imepangika kama nywele zilizosukwa. Na katikati ya chai kitu cha zambarau kilikuwa kinatambaa kufuata mteremko, kikijaza kila shimo kabla ya kusonga mbele. Hiyo ndiyo gesi ya mlima. Kwa macho matupu haina rangi, kwa pua haina harufu. Ni nzito kuliko hewa, na anayeiingia huanguka kabla hajajua kimemsibu nini. Zambarau ilikuwa rangi iliyopewa na mashine tu, ili macho ya binadamu yapate pa kushika.

"Naiona," alisema. "Imeshapita kibanda cha mizani. Watu wako wasitumie barabara ya chini, wapitie upande wa mianzi. Kule kuna nani?"

"Wachuma chai watano. Vinyago vya hewa wanavyo, nina imani wameshavivaa. Ila simu zao zote ziko kibandani, ndiyo utaratibu wa shamba. Nimerusha ndege ya kutafuta, haioni kitu, huko juu ni kama kuchungulia ndani ya kibuyu cha maziwa. Na hewa ya kinyago haikai sana, Tusa."

"Wamekimbilia upande gani?"

"Ningejua ningekuwa nimeshafika. Wewe unawaona?"

Tusa aliitazama skrini. "Naona gesi," alisema. "Watu siwaoni."

Ulikuwa ukweli nusu. Kamera ilikuwa inawaona wale watu, na ilikuwa inawaona wote waliomo bondeni, kila mweko wa taa. Kilichokosekana ni ruhusa ya kuangalia.

"Subiri kidogo," alimwambia Ambakisye. "Nampigia Mchungaji."

*

Kabla ya taa kuja, gesi ilishuka msimu mmoja wa mvua na kuufuta mtaa mzima wa chini, watu na mbuzi na kuku, bila kuvunja hata kikombe. Tusa alikuwa masomoni wakati huo. Alirudi na ujuzi aliotumwa kuutafuta, na minara ikasimamishwa vilimani.

Siku ya kuizindua aliwaeleza watu kwa mfano wa kwaya. Kwaya ikiimba sauti nne kwa pamoja, alisema, sikio lako linapokea mchanganyiko, lakini anayeijua besi anaweza kuifuata besi peke yake mpaka mwisho wa wimbo. Ndivyo taa zinavyofanya. Minara inarusha miale mingi ya leza kwa mweko mmoja, miale isiyoonekana na isiyodhuru jicho. Kila mwale umechorwa mistari yake kabla haujatoka, mmoja mistari iliyosimama, mwingine iliyolala, mwingine iliyoinama, mwingine myembamba kama uzi wa buibui. Mmoja unaitafuta gesi ya mlima, mwingine mvuke, mwingine moshi. Yote inarudi kwenye kamera moja na kuwa picha moja iliyovurugika. Mashine, kwa kuwa inaijua mistari ya kila mwale, inaichambua ile picha na kutoa tabaka baada ya tabaka.

"Na ukungu?" mtu mmoja aliuliza.

Ukungu, alijibu Tusa, unautupa mwanga huku na huku mpaka unapoteza mistari yake. Mwanga uliokwenda moja kwa moja na kurudi bado una mistari. Kwa hiyo mashine inachukua mwanga wenye mistari na kuutupa usio nayo, na ukungu unaondoka wenyewe kwenye picha.

Watu walipiga makofi. Hakuna aliyeuliza juu ya tabaka la mwisho, na Tusa, ambaye enzi hizo aliona kila kinachoweza kuonekana ni baraka, hakulitaja.

Tabaka la mwisho lilikuwa la pumzi. Lilitengenezwa ili kuwapata watu waliofunikwa na gesi. Sasa, hewa anayotoa mtu kifuani ni ileile inayotoka mlimani, kwa hiyo kumtafuta mtu kwa hewa hiyo ndani ya gesi ni kutafuta maji ndani ya mto. Ilibidi kutafuta kitu kingine ambacho mlima hauna. Kikapatikana: asetoni, ile inayonuka kwenye dawa ya kufutia rangi ya kucha. Kila binadamu anaitoa kidogo kwenye pumzi yake. Mwenye njaa anaitoa zaidi. Na mwenye kisukari kilichoharibika anaitoa kwa wingi mno.

Kampuni iliyoendesha mabasi ya bonde ndiyo ya kwanza kuomba tabaka hilo, kwa usalama wa abiria, walivyosema. Wakubwa wa kituo wa wakati ule wakalitoa. Dereva wa kwanza kuachishwa kazi alikuwa Gwakisa Mwaipaja, ambaye mwenyewe alikuwa hajui kama anaumwa. Aliambiwa langoni mbele ya wenzake, na karani aliyemsoma kwenye skrini, kwamba pumzi yake si nzuri. Baada yake wakafuata wengine: wapishi, wasichana wa kiwanda, mchumba mmoja aliyekataliwa wiki ya harusi.

Siku watu walipopanda kilimani na mawe mikononi, Gwakisa alikuwa mbele. Tusa alisimama mlangoni akijua kioo cha kwanza kuvunjwa kitafuatiwa na vyote. Ni Gwakisa aliyegeuka, akaipa mgongo ile minara na kuwakabili watu wake.

"Taa ziacheni," alisema. "Zimetuokoa na gesi, tusiwe wasahaulifu. Jicho moja tu ndilo tunalolifumba."

Ndipo ikaja Sheria ya Pumzi. Mistari ya lile tabaka ilibadilishwa na kuchorwa kwenye vipande viwili vya kioo, nusu huku na nusu kule, na bila ya viwili kuwekwa pamoja mashine haiwezi kuitambua. Kipande kimoja akapewa mtaalamu wa kituo. Cha pili akapewa mtu wa wananchi, na wananchi wakamchagua Mchungaji Subilaga, dada yake Gwakisa.

Tusa hakuwahi kusahau yale maneno ya mlangoni. Kazi yake, taa zake, jina lake, vyote vilisimama kwa sababu mtu aliyeumizwa kuliko wote aliamua kuwa na shukrani.

*

Mchungaji alifika kwa pikipiki ya umeme, joho limekunjwa na kufungwa kiunoni kwa kanga. Alikuwa ametolewa kwenye mazoezi ya kwaya. Alisikiliza akiwa bado anahema.

"Huwezi kufungua upande wa chai tu?" aliuliza.

"Sijui wako wapi, Mchungaji. Wanaweza kuwa wameshapita mianzi, wanaweza kuwa wameshuka mpaka mtoni. Nikifungua, nafungua bonde lote."

"Na mimi ndani yake. Na wewe."

"Na sisi."

Mchungaji alifumba macho kidogo, kisha akaingiza mkono shingoni na kuivua kamba iliyoning'iniza kipande chake cha kioo. "Sema kiapo."

"Nitawatazama wanaotafutwa," alisema Tusa. "Nitakachokiona kwa asiyetafutwa sitakisema kwa yeyote. Wakipatikana, nafuta."

"Haya." Mchungaji akampa kioo, akageuka na kuukabili ukuta. "Mimi sitaki kuona pumzi ya mtu. Nitasimama hapa mpaka ufute."

Vile vioo viwili vikakutana kwenye kishikio chake na mistari ikaungana. Skrini ikatulia, ikafikiri, halafu bonde likajaa nukta za manjano.

Kwa sekunde chache Tusa alisahau alichokuja kufanya. Zilikuwa zinapanuka na kusinyaa, kila moja kwa mwendo wake. Darasa zima la watoto shuleni, wamebanana. Mama na mtoto mgongoni, nukta kubwa na nukta ndogo, zinapishana. Watu wote wa Kisyosyo walikuwa wanapumua mbele yake, na hakuna hata mmoja aliyejua kwamba anatazamwa. Ilikuwa nzuri mno, na alielewa upesi kwa nini ilifungwa.

"Tusa!" redio iliita.

"Nakuja." Alizipita nyumba, akaingia kwenye zambarau. "Wanne nimewaona. Wako kwenye mtaro wa juu, nyuma ya mti uliokatwa, wamekaa pamoja. Mmoja anapumua haraka sana. Panda moja kwa moja kutoka mianzini, kisha kushoto."

"Wa tano?"

Alitafuta. Mashamba yalikuwa matupu. Alipanda na mteremko, na kule juu ukingoni, mbali na nyumba za watu, akaona nukta moja peke yake. Haikuwa ya manjano kama zingine. Ilikuwa inawaka kama kaa, nyeupe katikati, na ilikuwa inapanuka kwa nguvu na kwa kina, kama mtu aliyepanda mlima mrefu bila kupumzika.

"Kuna mmoja ukingoni," alianza kusema, akaivuta picha karibu.

Akaona paa. Akaona tangi la maji na ua wa miti ya kahawa. Aliijua nyumba ile ya Gwakisa, bonde zima linaijua. Mtu aliyekuwa akipumua vile hakuwa amekimbia kokote. Alikuwa amelala kitandani kwake, pumzi ikitokea dirishani.

"Ukingoni wapi?" aliuliza Ambakisye.

"Hapana. Siye." Sauti yake ilimshangaza kwa utulivu. "Subiri."

Aliirudisha picha mashambani, na safari hii aliiona: nukta hafifu, karibu kuzimika, chini ya daraja la miti karibu na kijito, mahali ambapo zambarau ilikuwa inaanza kuingia.

"Darajani! Kijito cha pili! Kimbieni, gesi inafika!"

Halafu hapakuwa na la kufanya isipokuwa kutazama. Nukta za waokoaji ziliteremka moja baada ya nyingine. Zikaizunguka ile hafifu. Zikaondoka nayo. Redioni palikuwa na kelele, kukohoa, mtu analia, kisha sauti ya Ambakisye ambaye hakuwahi kusikika akilia: "Tumempata. Tumewapata wote. Ndaga fijo, Tusa. Ndaga fijo."

Mchungaji, uso bado ukiwa ukutani, alirudia shukrani ileile kwa Mungu wake.

"Nafuta," alisema Tusa, na akafuta.

*

Mchana ukungu ulipoinuka, watu walikuja kituoni na mikungu ya ndizi na maziwa mgando. Mama wa binti aliyetolewa chini ya daraja alimkumbatia Tusa, akamshikilia mpaka bega lake likalowa. Waliimba. Mchungaji alikuwa anacheka na kupiga makofi katikati yao, joho limetapakaa matope.

Tusa alishukuru, na alimaanisha. Lakini kila alipofumba macho, ile nukta nyeupe ilikuwa inapanuka.

Picha ilikuwa imefutwa kwenye mashine. Kichwani mwake haikufutika. Alisoma vya kutosha kujua maana yake. Pumzi ya kina kiasi kile, asetoni nyingi kiasi kile: damu ya Gwakisa ilikuwa inageuka tindikali. Mtu wa namna hiyo anasikia kiu, anatapika, anadhani ni tumbo, analala kidogo apate nafuu, na kuna saa haamki tena.

Amwambie Mchungaji? Alikuwa amesimama pale, mita chache tu, ndugu yake wa tumbo moja. Lakini ndivyo ilivyokuwa mara ya kwanza: watu wengine kujua habari za mwili wa Gwakisa kabla ya Gwakisa. Amtume daktari wa zahanati, apite kule kama anayepita tu? Huo ungekuwa uongo wa watu wawili badala ya mmoja. Anyamaze, basi, kama alivyoapa? Kiapo kilitungwa na Gwakisa mwenyewe. Yeye ndiye aliyetaka liwemo lile neno, *kwa yeyote*. Angeulizwa leo akiwa mzima, bila shaka angesema afadhali kufa kuliko kusomwa tena.

Lakini je, kweli angesema hivyo? Au hilo ni jambo ambalo Tusa alikuwa analisema kwa niaba yake, kama yule karani wa langoni?

Hapo ndipo alipoamua. Aliweka chini kikombe cha maziwa, akamwambia Mchungaji kwamba anatoka kidogo, akachukua gari la kituo.

*

Gwakisa alichelewa kufungua. Alipofungua alikuwa ameushika mlango kwa mikono miwili, midomo imekauka, mashavu yameingia ndani. Alikuwa mtu mrefu, na sasa alionekana kama koti lililotundikwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Tusa, kulikoni? Nimesikia watu wanaimba huko chini. Mmewapata?"

"Wote, baba. Wazima."

"Tushukuru." Alipumua kwa nguvu, kama neno lenyewe lilikuwa mzigo. "Samahani, sikukaribishi. Tumbo limenisumbua tangu jana. Sijui nimekula nini."

Aliposema hivyo, Tusa aliisikia: harufu tamu, kama ya mapapai yaliyoiva kupita kiasi, imechanganyika na dawa ya kucha. Ilimjia usoni waziwazi. Na pamoja na harufu ikaja njia rahisi ajabu. Alichohitaji ni kusema, baba, mdomo wako unanuka vibaya, twende hospitali. Lingekuwa kweli. Pua yake ni yake, hakuna sheria inayoifunga. Gwakisa angepona, kiapo kingebaki kizima, na hakuna binadamu ambaye angejua lolote.

Alikifungua kinywa aseme hivyo. Akamtazama yule mzee aliyewahi kumpa mgongo mlangoni, watu wakiwa na mawe, akashindwa.

"Baba, tumefungua tabaka la pumzi asubuhi," alisema. "Kwa ajili ya wale watano. Nilikuwa namtafuta wa mwisho, nikakuona wewe. Nilidhani ni yeye. Sukari yako imeharibika vibaya sana. Ukilala hapa leo, sidhani kama utaamka."

Kuku mmoja alipita katikati yao.

"Umenisoma," alisema Gwakisa.

"Nimekusoma."

"Na uliapa."

"Niliapa. Nimekivunja hapa, sasa hivi, kwako. Sijakivunja kwa mwingine. Mchungaji hajui. Daktari hajui. Picha imefutwa. Habari hii sasa ni yako, ukitaka ifie hapa mlangoni, mimi nitarudi kilimani na sitasema."

"Utarudi uniache nife?"

Machozi yalimtoka Tusa kabla hajayazuia. "Nitakaa kwenye gari pale nje, baba. Nitakaa tu. Lakini sitakubeba kwa nguvu."

Gwakisa alikaa chini, palepale kizingitini. Alikuwa na hasira, ilionekana kwenye mishipa ya shingo, hasira ya miaka yote ile, na alikuwa hana nguvu za kuibeba. Alitazama kahawa yake. Alitazama bonde. Alipumua, akapumua, akapumua.

"Nilipewa dawa nikaziacha," alisema mwishowe. "Unajua? Baada ya yale. Nilijiambia nikizinywa, nitakuwa nimekubali kwamba walikuwa na haki ya kujua." Akatikisa kichwa taratibu. "Upumbavu gani huo. Walichukua kazi yangu, nami nikawaongezea na mwili wangu."

Alinyoosha mkono. Tusa akaushika.

"Nipeleke," alisema Gwakisa. "Na njiani tumpitie Subilaga. Nitamwambia mimi mwenyewe. Usifungue mdomo."

*

Hospitali ilimlaza na kumrudisha. Alitoka amekonda, na sindano zake ndani ya mfuko wa shati, mahali ambapo kila mtu angeziona.

Mkutano wa bonde ulifanyika uwanja wa shule, kwa sababu sheria inataka kila ufunguzi wa tabaka uelezwe mbele ya watu. Wale wachuma chai watano walikaa mbele. Walipotajwa, uwanja ulilipuka kwa vigelegele. Kisha ilikuwa zamu ya Tusa.

Gwakisa alikuwa amempa ruhusa ya kusema. Akasema yote: alichoapa, alichokiona, alikokwenda, alichomwambia mgonjwa. Hakusema *samahani lakini*. Alisema nimevunja kiapo, na akakaa.

Minong'ono ikapita. Mama wa yule binti akasimama na kusema kwamba huyu ni mtu wa kupewa zawadi, si wa kusimamishwa mbele za watu. Wengi wakaitikia. Mchungaji Subilaga aliyakaza macho mikononi mwake. Kisha Gwakisa akainuka.

"Niko hapa ninapumua," alisema. "Ninapumua kwa sababu ya huyu binti. Angenyamaza, mngekuwa mmeshanizika na kurudi mashambani. Angenidanganya, ningekuwa mzima na mjinga. Alikuja akaniambia ukweli na akaniachia uamuzi wangu mkononi. Tangu nizaliwe hakuna mtu aliyenipa heshima kama hiyo. Tusa, nakushukuru. Nakushukuru mbele ya watu hawa na mbele ya Mungu."

Akajishika kwenye kiti kilichokuwa mbele yake.

"Na ninaomba arudishe kioo."

Uwanja ukaguna.

"Nisikilizeni! Leo ameliona jambo jema akalitenda vyema. Kesho atakishika mwingine, atamwona mwingine, naye atasema, mbona Tusa alisema akapigiwa makofi? Kiapo kikivunjwa bila kitu chochote kutokea, si kiapo tena. Mimi siwezi kuwa niliyeuondoa ukuta huo kwa sababu safari hii kuuvunja kumeniokoa mimi." Macho yake yalikuwa yamejaa maji. "Ninampenda kama mwanangu. Na mkono wangu utainuka kutaka arudishe. Vyote viwili ni vya kweli."

Alikuwa wa kwanza kuinua mkono. Dada yake alifuata, analia. Kisha mmoja mmoja, kwa uzito, kama watu wanaobeba jeneza, mikono ikainuka uwanja mzima. Mama wa binti alikataa mpaka mwisho, na hakuna aliyemlaumu.

Tusa alikivua kioo na kukiweka mezani. Alikuwa amejiandaa kuumia. Kilichokuja badala yake kilimshangaza: shukrani pana, tulivu, kama mtu aliyetua ndoo kichwani baada ya njia ndefu. Watu hawa walikuwa wamemwona kikamilifu, jema na kosa, na hawakulichukua moja ili kulifuta jingine. Kioo alikabidhiwa mwalimu wa hisabati, mwanamke mkimya ambaye usiku huo, alikuja kukiri baadaye, hakupata usingizi.

Tusa alibaki na taa zake, ngazi yake na kitambaa chake cha pamba.

*

Siku chache baadaye Gwakisa alipanda kilimani. Katika miaka yote hiyo hakuwahi kuvuka ule mlango. Alipiga hodi, akakaribishwa, akasimama mbele ya skrini kubwa mikono ikiwa nyuma, kama mtu aliyeingia kanisa la dhehebu jingine.

Bonde lilikuwa limetandazwa mbele yake, na uzi mwembamba wa zambarau ukifuka kutoka kwenye ule ufa mpya, ambao mafundi walikuwa wameanza kuuwekea bomba.

"Ndiyo hii," alisema.

"Ndiyo hii, baba."

Alisogea, akaitafuta nyumba yake kwa kidole mpaka akaipata, na tangi, na kahawa. "Subilaga yuko kwangu sasa hivi, anafua. Namuona hapa?"

"Humuoni. Humu mna hewa tu, na moshi wa jiko lako."

"Na mimi siku ile nilikuwa wapi?"

Tusa alinyoosha mkono, akausitisha, akaurudisha. "Sikumbuki vizuri," alisema.

Gwakisa alimgeukia. Uso wake, uliokuwa umeanza kurudisha nyama, ukakunjuka taratibu, kisha akacheka, kicheko kikubwa cha dereva wa basi, mpaka akalazimika kukaa. Tusa naye akacheka. Alikwenda kuinjika chai.

"Majani mengi," Gwakisa alimwita kutoka kwenye kiti, huku bado anajifuta macho. "Na bila sukari, kama unavyojua."